Monita imekufa, naifungua: maswali ninayoulizwa kila wiki hapa Mwanga, Kigoma

Nimeamua kuandika haya majibu mara moja maana nimechoka kurekodi sauti za dakika nne nne za WhatsApp, maneno yale yale kila siku. Mtu anatuma picha ya monita nyeusi anauliza "fundi hii imekufa nini?" Ndugu yangu, monita zote zilizokufa kwa mbele zinafanana. Ugonjwa unaonekana kwa nyuma, na mara nyingine hata kufungua hakuhitajiki. Soma kwa mpangilio, nimeanza na mepesi, yale ya kuumiza kichwa yako chini.

## Kabla hujashika bisibisi

Monita haiwaki kabisa, nianzie wapi?

Anzia kwenye soketi ya ukutani, na usicheke. Nimeshaletewa monita kutoka Kasulu, jamaa kapanda nayo basi kaipakata njia nzima kama mtoto mchanga, nikachomeka kwa waya wangu ikawaka pale pale. Waya wake ulikuwa umekatikia ndani karibu na plagi, kwa nje mzima kabisa. Kwa hiyo jaribu waya mwingine kwanza, ni zile zile nyaya za kompyuta ya mezani.

Halafu angalia kataa kadogo ka mbele. Kama hakuna taa kabisa, umeme hauingii au bodi ya pawa imekufa. Taa ipo imetulia lakini kioo cheusi, hapo bodi ya pawa angalau inahema, mshukiwa wa kwanza ni taa za nyuma ya kioo. Taa inapepesa, kuna mambo mawili: ama monita imelala tu kwa sababu haipati signal, ama bodi ya pawa inajaribu kuamka inashindwa inaanza tena, na hii ya pili ukitega sikio mara nyingi unaisikia inafanya tik... tik... tik kwa ndani.

Nitajuaje kama mbovu ni monita au ni kompyuta?

Chomoa kebo ya VGA au HDMI, acha umeme tu, washa. Monita nzima italeta kaboksi ka kusema hakuna signal. Kakija kasafi, monita yako haina shida kubwa, nenda kaitese kompyuta. Njia nyingine ni kubonyeza kitufe cha menyu, ile menyu inachorwa na monita yenyewe, haitoki kwenye kompyuta. Picha ikiwa chafu lakini menyu iko safi, lawama ziko kwenye kebo au kompyuta. Vyote vikiwa vichafu, ni monita.

Na kama kioo kimegeuka rangi moja ya ajabu kwenye VGA, tazama pini za kebo kabla ya kitu chochote. Kebo ya VGA inapeleka nyekundu, kijani na bluu kila moja na waya wake, pini moja ikipinda rangi moja inapotea. Bluu ikipotea kila cheupe kinakuwa njano, kijani ikipotea unaona zambarau ya kupaka kucha. Nyoosha pini taratibu na sindano, kazi imeisha.

Kioo cheusi ila kompyuta nasikia inaimba. Picha ipo au haipo?

Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, isogeze karibu na kioo uimulike kwa kuiinamisha pembeni. Ukiona vivuli vya ikoni kwa mbali, picha ipo ila taa za nyuma hazijawaka. Hii ni habari nzuri kuliko inavyoonekana, maana kioo kizima, bodi kuu nzima, kebo nzima, umebakiwa na sehemu moja tu ya kuchunguza. Ukimulika usione kitu chochote, bado hujajua, endelea kusoma.

Huu mtihani wa tochi ni wa bure, na ndio unaoniokolea muda kuliko mita. Usifungue monita bila kuufanya.

Kuna faida ya kufungua au nitupe ninunue nyingine?

Msimamo wangu: fungua kama kioo kizima, usifungue kama kioo kimepasuka. Monita nyingi zinazofika mezani kwangu zimekufa upande wa pawa, na upande wa pawa unatengenezeka kwa vipuri vya bei ndogo. Kioo chenyewe ndio sehemu ghali kuliko zote, ukinunua kioo kipya umekaribia kununua monita nzima.

Na zile za zamani zenye mgongo mkubwa?

Zile za tyubu usifungue kama hujafundishwa ana kwa ana. Pale kwenye kikombe cha mpira juu ya tyubu panakaa volti maelfu, za rangi zinafika hata 25,000, na zinaweza kubaki baada ya kuchomoa. Kila nitakachosema chini ni cha monita bapa.

## Umeme unaobaki ndani

Nimechomoa waya, bado naweza kupigwa shoti?

Ndiyo, na mimi ni shahidi. Mwaka wangu wa kwanza nilishika bodi ya pawa kwa chini na vidole vyote, nimechomoa dakika mbili tu nyuma, bodi ikaruka upande wake mimi upande wangu, mteja akabaki anacheka mlangoni. Kilichonipiga ni ile kapasita (kale kakopo kanakotunza umeme) kubwa nene kuliko zote, imeandikwa 400V au 450V. Umeme wetu ni volti 230, ukipita kwenye dayodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) na kutulizwa na hiyo kapasita unakuwa kama volti 325 za moja kwa moja, na bodi ikiwa mbovu hakuna anayezila, zinakaa hapo zinakusubiri.

Namna ya kuziondoa: chomoa, subiri dakika kama tano, halafu unganisha miguu miwili ya hiyo kapasita kwa rizista ya kilo-omu 2.2 ya wati 5 au 10, ishike kwa koleo lenye mpira, hesabu hadi kumi. Globu ya nyuzi ya zamani iliyofungwa nyaya mbili nayo inafanya kazi. Kisha PIMA na mita. Ikisoma chini ya volti kumi endelea. Kuna watu wanashotisha na bisibisi, inapiga cheche kama radi na kutoboa njia za bodi, sio ushujaa huo.

Naweza kupima monita ikiwa imewashwa?

Inabidi, maana volti hazipimiki kitu kikiwa kimezimwa. Lakini kaa kwa adabu. Vua saa na pete, mkono mmoja mfukoni, miguu ndani ya ndala, sakafu kavu. Watoto watoke.

Bodi ya pawa ina pande mbili. Upande wa umeme wa ukutani, wenye ile kapasita kubwa, na upande wa volti ndogo unaolisha bodi nyingine. Kwenye bodi nyingi utaona mstari au nafasi tupu imezitenganisha kwa chini. Ukipima volti ndogo, waya mweusi wa mita weka kwenye bati la monita. Ukipima upande wa umeme mkubwa, waya mweusi unakaa kwenye mguu hasi wa kapasita kubwa, sio kwenye bati, ukikosea hapo unapata namba za uongo na unaweza kufukuza ugonjwa ambao haupo wiki nzima.

Na upande wa taa za nyuma za mirija usipime kabisa na mita ya kawaida, zile zinatoka volti mia sita kwenda elfu na zaidi, mita inakufa na wewe unafuata.

## Kufungua

Nahitaji vifaa gani?

Bisibisi ya nyota ya kati na ndogo, mita ya kawaida ya dijito, kadi ya plastiki isiyotumika (za benki zilizoisha muda ni nzuri sana), solda ya wati 40 hadi 60, pampu ya kunyonya solda, na blanketi. Blanketi sio mzaha. Kioo kinalala kifudifudi muda wote na punje moja ya mchanga wa Kibirizi chini yake inaacha mchoro wa milele.

Ongeza simu ya kupiga picha kila hatua. Kila kebo kabla ya kuchomoa, picha.

Nimetoa skrubu zote lakini kava haitoki.

Haijafungwa na skrubu peke yake, imeng'ata kwa meno ya plastiki kuzunguka pande zote. Toa stendi kwanza, mara nyingi skrubu nne, na tazama kama kuna skrubu iliyojificha chini ya stika au chini ya shingo ya stendi. Kisha ingiza kadi kwenye mfereji kati ya fremu ya mbele na mgongo, anzia upande wa chini, sukuma na kukunja kidogo mpaka usikie "ta!", songa mbele sentimita kadhaa, tena. Usitumie bisibisi bapa, inaacha alama za panya na ikiteleza inaingia kwenye kioo.

Ukishaachanisha usivute kwa pupa. Kwenye fremu ya mbele kuna kabodi ka vitufe kenye kebo nyembamba inayoenda ndani, nimeona nyingi zimenyofolewa hapo.

Ndani nimekuta sanduku la bati na bodi mbili tatu. Kipi ni kipi?

Bodi ambayo tundu la umeme limeungwa nayo, ina koili na kapasita kubwa, hiyo ni bodi ya pawa. Yenye matundu ya VGA na HDMI ni bodi kuu. Kabodi kembamba kalikoshikamana na kioo chenyewe, kanakopokea kebo bapa kutoka bodi kuu, mafundi tunakaita tikoni. Kama monita ni ya taa za mirija utaona nyaya za rangi, mara nyingi pinki na nyeupe, zinaingia kwenye kioo kwa pembeni, hizo zinatoka kwenye inveta, sehemu inayotengeneza volti kubwa za kuwasha mirija, ambayo aghalabu imeunganishwa kwenye bodi ile ile ya pawa. Za LED zina kebo moja nyembamba tu.

Bodi ya pawa inaipa bodi kuu volti 5 na nyingine kati ya 12 na 19 hivi kutegemea monita, na karibu na soketi huwa wameandika kabisa: 5V, 12V, GND, ON, DIM. Hayo maandishi ndio ramani yako, yapige picha.

## Kutafuta ugonjwa

Kapasita iliyokufa inaonekanaje?

Kapasita nzima kichwa chake ni bapa kama sarafu. Iliyokufa imevimba kama chapati inayopanda, au imepasuka kwenye ule msalaba wa juu na kutoa uchafu wa kahawia, au imenyanyuka kwa chini. Zinazokufa zaidi sio ile kubwa ya volti 400, ni ndogo za upande wa pili, 1000µF au 470µF (µF ni maikrofaradi, kipimo cha ukubwa wa kapasita) za volti 16 au 25, zinazoishi jirani na bati la kupozea. Joto ndio linalozikausha. Monita za miaka ya mwanzoni mwa 2000 zilikuwa na balaa hili zaidi, kipindi kile viwandani kulitapakaa kapasita mbovu dunia nzima.

Kuna harufu pia. Kapasita inayovuja au plastiki ya umeme inayoungua inanuka kama samaki. Sasa hapa kwetu ndio mtihani, mteja ana duka jirani na wauza dagaa alikaa na hiyo harufu miezi akidhani ni ya jirani, mpaka siku monita ilipozima.

Ila isiyovimba sio lazima iwe nzima. Inaweza kusoma namba sahihi kwenye mita yenye kipimo cha kapasita na bado ikawa imechoka kwa ndani, ukinzani wake umepanda. Kama huna kifaa cha kupima hilo, badilisha zote za upande ule kwa mpigo, ni bei ya soda mbili tatu na hautarudi tena baada ya miezi miwili kufungua upya.

Mpya iwe na µF zile zile, volti zile zile au zaidi, nyuzi joto 105 na sio 85, na iwe ya ukinzani mdogo. Mstari pembeni ya kapasita ni hasi. Ukiigeuza italipuka usoni, kwa hiyo ile picha uliyopiga irudie kuitazama.

Inawaka baada ya kuiwasha na kuizima mara kumi, ikishawaka inakaa siku nzima. Ni nini?

Kapasita zimechoka, soma jibu lililopita. Zikipata joto zinajikongoja. Usingoje mpaka ikatae kabisa, maana zikiendelea hivyo zinaanza kuua na mosifeti, kale ka miguu mitatu kanakofanya kazi ya swichi ya kukata na kuachia umeme kwenye bodi ya pawa.

Fyuzi imekatika, nikiweka nyingine inatosha?

Mara chache. Fyuzi ikikatika jiulize imekatwa na nani. Ukiifungua ukaikuta imekuwa nyeusi na kioo chake kimerushiwa masizi, jua ndani kuna shoti kamili na fyuzi mpya itafuata ya kwanza ndani ya sekunde. Ikiwa waya wa ndani umekatika taratibu bila masizi, inawezekana ilichoka tu, ila usibeti.

Mita iweke kwenye dayodi, kila kitu kimechomolewa na kapasita kubwa imeshaondolewa umeme. Pima daraja la dayodi nne kwanza: kila dayodi isome kama 0.5 upande mmoja na isisome kitu upande mwingine. Ikilia "piii" pande zote imekufa. Kisha mosifeti iliyofungwa kwenye bati la kupozea, mguu wa kati na wa tatu usilie. Ikilia, toa nje upime tena. Halafu kile kisahani cha bluu au njano jirani na tundu la umeme, hicho ni mlinzi wa umeme mkubwa, mara nyingi utakikuta kimepasuka, ameshakufa kishujaa.

Na hapa ndipo watu wanapolia: mosifeti ikifa kwa shoti haifi peke yake. Tazama ile rizista nene ya omu chini ya moja iliyo kwenye mguu wake na ile chipu ya miguu nane inayoiendesha. Ukibadilisha mosifeti tu ukaacha rizista iliyokatika na chipu iliyoungua, umepoteza mosifeti ya pili. Nimefanya hivyo mara tatu kwenye monita moja, kwa ubishi.

Kabla ya kuwasha moja kwa moja ukutani, pitisha umeme kwenye globu ya nyuzi ya wati 60 au 100 iliyofungwa kwa foleni na monita, yaani umeme upite kwanza kwenye globu ndipo ufike kwenye monita. Globu ikimulika mara moja ikafifia, shoti hakuna. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, chomoa, bado kuna shoti na fyuzi yako imepona. Globu ya LED haifanyi hii kazi, tafuta ile ya zamani, mimi yangu naitunza kama dhahabu.

Na tafadhali, usifunge kawaya ka shaba mahali pa fyuzi. Ukiona fyuzi imeandikwa T3.15A 250V, weka hiyo hiyo.

Picha inakuja sekunde mbili halafu giza.

Hii ni kazi ya ulinzi wa taa za nyuma. Kwenye monita ya mirija, inveta ikiona mrija mmoja haujawaka sawasawa inazima zote. Kabla ya kulaumu mirija, angalia kapasita zinazolisha inveta, dalili ni hiyo hiyo. Kisha, umeme ukiwa umechomolewa, pima ukinzani wa nyuzi za pili za kila transfoma ya inveta, ukilinganisha moja na nyenzake. Huhitaji kujua namba sahihi, zinatakiwa zifanane. Moja ikisoma wazi, yaani mita haipati kitu, imekatika. Mrija uliochoka wenyewe ncha zake zinakuwa nyeusi, na mara nyingi picha ilianza kuwa ya pinki miezi kabla.

Kwenye LED mchezo ni ule ule kwa sura nyingine: taa zimefungwa kwa foleni ndefu, moja ikikatika foleni nzima inalala na chipu inayoziendesha inazima. Kuzifikia lazima ufungue kioo chenyewe, na hapo nakuonya, zile riboni nyembamba za pembeni ya kioo ukizichana hazirudi. Kwa mara ya kwanza jifunzie kwenye kioo kilichopasuka.

Kama taa haziwaki hata sekunde moja, pima pini iliyoandikwa ON au BL kwenye soketi ya pawa. Ikipata volti 3 au zaidi, bodi kuu imetoa amri na anayegoma ni upande wa taa. Ikiwa sifuri, tatizo ni bodi kuu.

Volti zote zipo lakini monita bado maiti.

Hapo umeshavuka bodi ya pawa, hongera. Kwenye bodi kuu tafuta kiregyuleta, kachipu ka miguu mitatu kanakoshusha volti 5 kuwa 3.3. Hakuna 3.3, chipu kubwa haiwezi kuamka. Ikiwa 3.3 ipo na chipu kubwa inachoma kidole sekunde chache baada ya kuwasha, imeungua na mimi huwa siibadilishi, natafuta bodi nzima kutoka monita nyingine.

Kioo kinawaka cheupe tupu, hakuna picha.

Taa nzima, pawa nzima, kioo hakipati habari. Chomoa kebo bapa inayotoka bodi kuu kwenda tikoni, safisha ncha kwa spiriti safi, rudisha kwa nguvu sawa pande zote. Nyingi zinapona hapo. Zisipopona, angalia kafyuzi kadogo kama punje ya ulezi kwenye tikoni, kwenye nyingi kameandikwa F1, pande zote mbili zisome volti sawa.

Kuna mistari ya wima, nikibonyeza ukingo inaondoka.

Ukibonyeza ikaondoka, ni zile riboni zilizogandishwa kwenye kioo zimeanza kuachia. Hazikuchomewa solda, zimegandishwa na gundi maalum kwa joto na mgandamizo kwa mashine, na ukipeleka solda gani pale unaua kioo chote. Utaona watu wanabana kwa kipande cha mpira ndani ya fremu. Inafanya kazi wiki, wakati mwingine mwaka. Nawafanyia watu ila nawaambia ukweli kabla ya kupokea pesa.

Kioo kimepasuka ndani, madoa meusi kama wino.

Hakitengenezeki. Usiitupe lakini, bodi zake ni mali, angalia swali la vipuri hapo chini.

Monita yangu inatumia adapta ya nje.

Basi umepona nusu ya kazi, upande wa umeme mkubwa uko kwenye adapta. Ipime ncha ya waya, ilingane na kilichoandikwa, 12, 14 au 19. Ila adapta mbovu inaweza kusoma vizuri ikiwa haina mzigo, ukichomeka monita inaporomoka. Ipime ikiwa inafanya kazi.

## Mambo ya huku kwetu

Kwa nini nikifungua nakuta mijusi?

Kwa sababu nyuma ya monita kuna joto usiku na matundu ya kupumulia yanatosha mjusi mdogo. Anajipachika kwenye miguu ya mosifeti, anakufa, na anakuua fyuzi. Sisimizi nao wanajenga, na uchafu wao ukipata unyevu wa masika unapitisha umeme. Ukikuta bodi ina utando wa kijani au mweupe, isugue kwa brashi ya meno na spiriti, iache ikauke kabisa kabla ya kuiwasha, na hapo ndipo uanze kupima. Mara mbili tatu kuosha tu kumetosha. Vumbi jekundu la kiangazi halina ubaya sana peke yake, ila linaziba matundu, joto linapanda, kapasita zinakauka, na hadithi unaijua.

Radi ilipiga, monita ikazima. Itapona?

Msimu wa mvua ndio msimu wangu wa mavuno, nasema kwa huruma. Kama radi imeingia kwa umeme, unafuata njia ya fyuzi niliyoeleza juu. Kama imeingia kwa HDMI, kutoka king'amuzi au kompyuta iliyoungwa na antena, unakuta monita inawaka vizuri, menyu ipo, ila inasema hakuna signal kwenye HDMI. Jaribu VGA kabla ya kukata tamaa, mara nyingi tundu moja limekufa na jingine zima. Ukisikia ngurumo chomoa vyote, umeme na kebo ya picha.

Stabilaiza itanisaidia?

Kwa umeme mdogo, sio sana, monita nyingi zinakubali kuanzia volti 100 hadi 240, sisi tuliopitia enzi za majenereta ya dizeli tunajua zilikuwa zinawaka wakati globu zimekuwa kama mishumaa. Kinachoua ni umeme kuzidi. Waya wa nyutro ukikatika kwenye nguzo, nyumba inaweza kupokea karibu volti 400, na hapo ile kapasita kubwa ya 400V inapewa mzigo isioujua. Kifaa kinachokata umeme ukizidi kina maana kuliko stabilaiza inayolia mlio tu.

Vipuri napata wapi?

Kapasita na fyuzi mjini zipo, ulizia kwa mafundi redio. Mosifeti na chipu za pawa mara nyingi ni kuagiza Kariakoo, inakuja na basi. Bodi nzima tafuta kwenye monita zilizopasuka vioo, na hapa sikiliza: usiangalie jina la monita, angalia namba iliyochapwa kwenye bodi. Monita mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na bodi tofauti, na majina mawili tofauti yakawa na bodi moja. Bodi kuu lazima iendane na kioo pia, ukiweka isiyokubaliana unapata picha iliyopinduka au iliyogawanyika.

## Ya pembeni

Menyu inajifungua yenyewe bila kubonyeza.

Kitufe kimeingia unyevu kinajiminya. Chomoa kebo ya kabodi ka vitufe, ikitulia umeshamjua mkosaji. Kitufe ni cha miguu minne, hata cha redio mbovu kinaingia.

Nina kapasita ya 25V, inatakiwa ya 16V. Niweke?

Weka, mradi iingie kwa urefu na unene na kava ifunge. Kinyume chake hapana.

Mirija imekufa, naweza kuweka mkanda wa LED?

Unaweza, kuna vifurushi vya kubadilisha vinavyokuja na kabodi kake. Kwa monita ya dukani ya kuandikia stakabadhi ni sawa, kwa mtu wa picha na video hapana, rangi hazifanani na mwanga unakuwa na mawimbi chini.

Mirija iliyovunjika niifanyeje?

Ina zebaki kidogo ndani. Usiichome na takataka, usifagie kwa mkono, fungua madirisha, okota kwa karatasi ngumu na uifunge kwenye chupa yenye kifuniko. Mtoto asichezee.

Nikiileta kwako nikuambie nini?

Ilianzaje. Ilizima ghafla au ilikuwa inapepesa siku kadhaa, kulikuwa na mvua, ulisikia mlio, kuna harufu, na kama kuna mtu alishaifungua kabla yangu. Hili la mwisho watu wananificha sana, halafu nakuta kawaya ka shaba mahali pa fyuzi.